Nyumba Babeli, Dirisha Yerusalemu

Waraka ule ulisafiri pamoja na ujumbe wa serikali. Sedekia, mfalme wa Yuda aliyewekwa kitini na Babeli, alikuwa akituma watu wawili kwa bwana wake Nebukadreza: Elasa mwana wa Shafani na Gemaria mwana wa Hilkia. Nabii Yeremia akautia waraka wake mikononi mwao, wawafikishie wazee, makuhani, manabii na watu wote waliohamishwa kwa nguvu kutoka Yerusalemu mwaka 597 kabla ya Kristo, pamoja na mfalme wao kijana, Yehoyakini. Babeli haikuchukua mateka ovyo. Ilichukua wakuu, askari hodari, mafundi na wahunzi, ikawaacha maskini wa nchi. Hivyo waraka uliwakuta watu waliozoea kuamuru, ambao sasa walikuwa wakiamriwa kwa lugha ya wengine.

Ndani yake hamkuwa na neno la kuwapoza upesi. Wajenge nyumba, wakae humo. Wapande bustani, wale mazao yake. Waoe na kuozesha, watoto wao nao wazae, waongezeke wala wasipungue. Kisha likaja agizo zito kuliko yote: wautafutie amani mji ule ule uliowateka, wauombee kwa Mungu, kwa kuwa amani yao wenyewe imo ndani ya amani ya mji huo. Na kurudi nyumbani? Baada ya miaka 70. Mtu mzima aliyesikia hesabu hiyo ikisomwa alijua kwamba kaburi lake litachimbwa Babeli.

Naamini sura hii ya 29 ya Yeremia ndiyo mahali pa kuanzia kwa kila anayeuliza Maandiko yanasema nini juu ya kumcha Mungu chini ya mtawala wa kigeni. Tumezoea kuanza na tanuru la moto na tundu la simba katika kitabu cha Danieli. Matukio hayo ni makuu, lakini hayamwambii mtu aishi vipi siku zile nyingi ambazo hakuna tanuru wala simba, ila kuna kodi ya kulipa, lugha ngeni ya kujifunza na mtoto wa kulea katika nchi isiyo yake. Danieli mwenyewe alikuwa msomaji wa Yeremia. Sura ya 9 ya kitabu chake inamwonyesha akiitafakari hesabu ile ya miaka 70, kisha akifunga, amevaa magunia, amejipaka majivu. Maisha yake yote nayasoma kama jibu la waraka ule. Alijenga nyumba Babeli, na katika nyumba hiyo akaacha dirisha lililoelekea Yerusalemu. Uaminifu wa uhamishoni unadai vyote viwili, na hatari huanza pale mtu anapoona kimoja kinamtosha.

Wapo waliotaka dirisha bila nyumba. Mkubwa wao alikuwa Hanania mwana wa Azuri, nabii wa Gibeoni. Katika mwaka wa 4 wa Sedekia alisimama hekaluni, mbele ya makuhani na watu wote, akatangaza kwa jina la Bwana kwamba nira ya Babeli imekwisha kuvunjwa: katika miaka 2 vyombo vya hekalu vingerudi, na Yehoyakini angerudi na mateka wote. Wakati huo Yeremia alikuwa akitembea na nira ya mti shingoni, kuwa ishara kwamba mataifa yainame chini ya Babeli wapate kuishi. Hanania akaichukua nira ile shingoni mwa mwenzake akaivunja hadharani.

Jambo linaloniuma katika kisa hiki ni jibu la kwanza la Yeremia. Aliitikia amina. Alisema Bwana na afanye hivyo. Yeye pia alikuwa mtu wa Yuda, naye alitamani kuiona ile miaka 2 kuliko mtu yeyote aliyekuwa pale. Halafu akaenda zake. Neno likamjia baadaye: nira ya mti imevunjwa, na mahali pake pamekuja nira ya chuma. Hanania akafa mwaka ule ule, mwezi wa 7, miezi miwili tu baada ya maneno yake.

Uongo wa Hanania ulikubalika kwa sababu ulivaa vazi la imani. Ulionekana kuwa na tumaini kubwa kuliko neno la Yeremia, uzalendo mkubwa zaidi, hata upendo mkubwa zaidi kwa hekalu. Lakini ulikuwa na madhara ambayo hayakuonekana siku ile. Anayeamini kwamba atarudi kwao katika miaka 2 hapandi mti. Hamtafutii binti yake mchumba. Hamjui jirani yake jina, wala haoni sababu ya kumjua. Anaishi na mizigo iliyofungwa mlangoni, akihesabu. Miaka 2 inapopita na lango halijafunguliwa, hana nyumba alimokaa wala hana tumaini lililobaki, na wa kumlaumu anakuwa Mungu ambaye hakuwahi kumtamkia ahadi hiyo. Wengi hawaiachi imani kwa kuteswa. Huiacha kwa kukata tamaa baada ya kupewa tarehe za uongo kwa jina la Bwana.

Waraka wa Yeremia ulipofika Babeli, Shemaya Mnehelami aliandika barua zake mwenyewe kwenda Yerusalemu, akimtaka kuhani Sefania amtie Yeremia katika mkatale kama mwendawazimu. Kosa kubwa la Yeremia machoni pa Shemaya lilikuwa kusema kwamba uhamisho ungekuwa mrefu, watu wajenge na wapande. Imekuwa hivyo mara nyingi: anayesema kweli juu ya urefu wa usiku huhesabiwa kuwa mtu asiyetaka kuche.

Watu walijenga hata hivyo. Ardhi ya Iraki imetutunzia ushahidi. Robert Koldewey na wachimbuaji wake wa Kijerumani, walioanza kazi katika magofu ya Babeli mwaka 1899, walifukua humo mabamba ya udongo yenye hesabu za posho za ikulu. Katika baadhi yake ametajwa Yehoyakini mfalme wa Yuda pamoja na wanawe watano, wakipimiwa mafuta kutoka ghala la mfalme wa Babeli. Kuna mabamba mengine, kutoka mashambani, yanayoutaja mji ulioitwa Al-Yahudu, yaani mji wa Yuda, kwa sababu ya watu waliohamishiwa pale. La kwanza kati ya hayo ni la mwaka 572 kabla ya Kristo, miaka 14 tu baada ya Yerusalemu kuteketezwa. Ni nyaraka za maisha ya kila siku: kodi, mikopo, ukodishaji wa mashamba, malipo ya shayiri na tende. Wenye madeni na mashahidi wengi wamebeba majina ambayo ndani yake mna jina la Mungu wa Israeli. Mwandishi wa Kibabeli, ambaye huenda hakumjali Mungu huyo hata kidogo, alilichapa jina lake katika udongo mbichi kila alipoandika nani anadaiwa shayiri kiasi gani.

Nikifikiria mabamba hayo naona agizo la Yeremia likitekelezwa na watu ambao hakuna nabii aliyewataja. Hawakuota ndoto, hawakutupwa motoni. Walichimba mifereji, wakalipa walichodaiwa, wakawapa watoto wao majina ya kumkumbuka Mungu wa baba zao. Tukiulizwa ni nani waliolibeba agano kutoka kizazi kimoja hadi kingine katika nchi ya ugeni, tusiwataje manabii peke yao. Wakulima hawa nao walilibeba.

Lakini nyumba inaweza kujengwa ikakosa dirisha, na hatari hiyo ni kubwa kuliko ya Hanania kwa sababu haina kelele. Nabii Ezekieli aliyaona hayo kwa karibu. Aliishi miongoni mwa mateka huko Tel-abibu, kando ya mto Kebari, na wazee wa Israeli walikuwa wakija kuketi mbele yake wamsikilize. Wakiwa wameketi hivyo kwa heshima, yeye akawaambia yaliyokuwa moyoni mwao: walitaka kuwa kama mataifa mengine, waabudu miti na mawe kama wenyeji. Hakuna aliyewashika kwa nguvu. Babeli ilikuwa na malango marefu ya matofali ya buluu yenye sanamu za mafahali na majoka, maandamano ya mwaka mpya, elimu ya nyota, masoko yaliyojaa. Mungu wa Yerusalemu alionekana kuwa wa mji ulioshindwa, na mshindi hupendeza macho.

Ndiyo maana maono ya kwanza ya Ezekieli yana uzito mkubwa kwa kila anayeishi mbali na madhabahu ya kwao. Alikiona kiti cha enzi cha Mungu kando ya Kebari, katika ardhi ya Wakaldayo, na chini yake palikuwa na magurudumu. Kabla mtu hajaulizwa kama atakuwa mwaminifu ugenini, kuna jambo la kwanza la kuaminiwa: Mungu hakubaki nyuma. Hakufungwa katika mawe ya Sayuni hata Babeli ilipoyabomoa. Asiyeamini hivyo atauona uaminifu wake kuwa kumbukumbu tu, na kumbukumbu peke yake hufifia kwa wajukuu.

Turudi kwa Danieli, sasa akiwa mzee. Tangu achukuliwe kijana hadi Babeli iangukie mikononi mwa Waajemi mwaka 539 imepita miaka zaidi ya 60. Amewatumikia wafalme waliopanda na kushuka. Sura ya 6 inasimulia kwamba mfalme Dario aliweka maliwali 120 na juu yao mawaziri watatu, Danieli akiwa mmoja wao. Wenzake walipomwonea kijicho, kwanza walikagua kazi yake. Walitafuta rushwa, uzembe, ubadhirifu, wasipate kitu. Ndipo wakakubaliana kwamba hawatamnasa kwa lolote ila kwa habari ya sheria ya Mungu wake.

Hapo nyumba na dirisha vinakutana. Kama Danieli angekuwa mla rushwa, dirisha lake lisingekuwa na maana; maadui wangemkamata kwenye vitabu vya hesabu, na hakuna ambaye angejua kwamba aliomba. Usafi wa kazi yake katika serikali ya kigeni ulikuwa sehemu ya ibada yake. Hakujiambia kwamba mali ya mfalme mpagani ni halali kuibwa, wala kwamba utumishi wa Babeli unafaa kufanywa kwa mkono wa kushoto kwa kuwa moyo uko Yerusalemu. Watu wengi waliotawaliwa na wageni wamejisemea hivyo, na sababu yao inaeleweka. Danieli hakuufanya uonevu aliotendewa kuwa kibali cha kukosa uaminifu.

Marufuku ikatiwa sahihi: kwa siku 30 mtu asiombe neno kwa mungu wala kwa mwanadamu, isipokuwa kwa mfalme. Danieli alipojua, alikwenda nyumbani kwake, chumba cha juu, ambako madirisha yalikuwa wazi kuelekea Yerusalemu, akapiga magoti mara 3 kwa siku kama alivyokuwa akifanya tangu zamani. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yanayonishika. Hakuongeza sala ya nne ili aonekane shujaa. Hakuyafunga madirisha ili ajifiche, ingawa siku 30 si nyingi na Mungu husikia hata gizani. Alifanya kile kile. Sheria ndiyo iliyobadilika ikamkuta mahali alipokuwa amesimama siku zote.

Na kwa nini Yerusalemu? Ukisoma 1 Wafalme sura ya 8 utalikuta shina la dirisha hilo. Sulemani, siku ya kuliweka wakfu hekalu, aliomba juu ya siku ambayo watu wangetenda dhambi na kuchukuliwa mateka nchi ya mbali. Aliomba kwamba wakitubu huko na kuomba wakielekea nchi yao na mji wao, Mungu awasikie, tena awape huruma machoni pa waliowateka. Karne zaidi ya tatu kabla ya uhamisho sala ya mateka ilikuwa imekwisha kuombewa. Danieli alipogeuza uso wake magharibi aliingia katika sala hiyo. Lakini hekalu alilolielekea halikuwapo; lilikuwa limechomwa karibu miaka 50 iliyopita. Alielekea magofu. Aliinamia neno la Mungu lililobaki zima wakati jengo limekwisha kuanguka, na sijui tendo la imani lililo tupu kuliko hilo, lisilo na kitu cha kulishika mkono.

Wataalamu wengi wanaona kwamba kitabu cha Danieli kilifikia sura yake ya sasa katika siku za Antioko wa Nne, mfalme wa Kiyunani wa Shamu, ambaye mwaka 167 kabla ya Kristo alilinajisi hekalu, akapiga marufuku sabato na tohara, na akaamuru vitabu vya torati vichomwe. Ikiwa ndivyo, basi habari za dirisha lile zilisomwa kwanza na watu waliokuwa wakichagua kila asubuhi kati ya maisha yao na sala zao. Walihitaji kusikia kwamba haya yameshawahi kutokea, na kwamba kiburi cha wafalme kina siku zake.

Swali linalowasumbua wacha Mungu walio chini ya wageni ni moja: mpaka uko wapi? Nimpe mfalme nini, nimnyime nini? Maandiko hayakuweka ukuta mmoja kwa watu wote. Danieli na wenzake watatu walikubali kufundishwa elimu na lugha ya Wakaldayo. Walikubali kuitwa kwa majina mapya yaliyowataja miungu ya Babeli. Walikubali kazi. Walichokataa ni chakula cha mezani pa mfalme na divai yake, wakaomba wajaribiwe kwa siku 10 kwa vyakula vya shambani na maji. Wengi wetu tungedhani jina ni zito kuliko sahani. Wao waliona vingine: jina ni kile ambacho wengine wanakuita, bali mdomo ni wao wanaoufungua.

Hata hivyo, Kitabu cha pili cha Wafalme kinafunga kwa habari ya Yehoyakini aliyetolewa gerezani katika mwaka wa 37 wa uhamisho wake, akala mezani pa mfalme wa Babeli siku zote za maisha yake. Mwandishi hakumlaumu. Alimaliza kitabu kizima cha maangamizi kwa meza ile, kana kwamba hapo ndipo dalili ya kwanza ya rehema ilipoonekana.

Mweke kando yao Naamani, jemadari wa Shamu aliyeponywa ukoma katika Yordani. Yeye aliomba udongo wa Israeli, mzigo wa nyumbu wawili, apate kumwabudu Bwana juu yake huko kwao. Kisha akaungama mapema jambo litakalomkwaza: bwana wake anapoingia katika nyumba ya Rimoni kuabudu, humwegemea mkononi, naye hulazimika kuinama pamoja naye. Je, Bwana atamsamehe? Nabii Elisha hakumtungia sheria. Alimwambia aende kwa amani. Mtu yule yule wa Mungu aliyejua kisa cha Eliya na manabii wa Baali alimwachia mwanafunzi mpya nafasi ya kukua.

Na mweke tena Eleazari, mwandishi mwenye umri wa miaka 90, ambaye habari zake zimo katika Kitabu cha pili cha Wamakabayo, kinachosomwa katika Biblia za Wakatoliki na Waorthodoksi. Watu wa Antioko walimlazimisha kula nyama ya nguruwe. Rafiki zake wa zamani waliokuwa wakisimamia shughuli hiyo walimwonea huruma, wakamshauri alete nyama yake iliyo halali na kujifanya anakula ile ya mfalme. Akakataa. Hofu yake ilikuwa juu ya vijana, kwamba wangeamini Eleazari amegeuka katika miaka yake ya 90, wakapotoka kwa ajili ya muda mfupi wa uhai wake uliobaki. Akafa kwa mapigo.

Kuinama kwa Naamani kumesamehewa, na kujifanya kwa Eleazari kungekuwa usaliti. Sioni kupingana hapo. Naamani aliinama kwa sababu bwana wake alimwegemea mkononi, na kila aliyemjua angejua kwamba sasa ana madhabahu yake ya udongo wa Israeli. Eleazari angekula mbele ya taifa lililokuwa likimtazama ili lijue kama bado kuna haja ya kusimama. Uzito wa tendo hutegemea nani analitenda, mbele ya nani, na kwa wakati gani. Kwa hiyo anayemhukumu ndugu yake kwa kuwa mpaka wake hauko pale pale ulipo wa kwake angefanya vyema kusoma visa hivi vyote pamoja. Lakini pia anayesema kwamba mpaka haupo hatapata msaada kwa hata mmoja wa watu hawa. Kila mmoja alikuwa na mahali ambapo angesimama, na alipajua kabla ya kulazimishwa. Vijana watatu waliokataa sahani pamoja na Danieli ndio hao hao ambao baadaye, kwenye uwanda wa Dura, walimwambia mfalme kwamba Mungu wao aweza kuwaokoa, na hata asipowaokoa hawataisujudia sanamu yake. Neno hilo la pili halizaliwi siku ya tanuru. Lilikuwa limekua ndani yao tangu ile meza.

Nimesema agizo zito kuliko yote ni lile la kuutafutia mji amani. Limewahi kutumiwa vibaya. Watawala wa kigeni, katika bara letu pia, walipenda mahubiri ya namna hiyo, yaliyomwambia mtu anyenyekee na kulipa kodi kwa kuwa kila mamlaka imetoka kwa Mungu. Yeremia asibebeshwe mzigo huo. Yeye aliyewaandikia mateka wauombee mji ndiye aliyemkabidhi Seraya mwana wa Neria kitabu chenye maovu yote yatakayoupata mji huo huo. Ilikuwa katika mwaka wa 4 wa Sedekia, mwaka ule ule wa Hanania. Seraya aliagizwa akisome kwa sauti atakapofika Babeli, akifunge kwa jiwe, akitupe katikati ya mto Frati, kwamba hivyo ndivyo Babeli itakavyozama isiinuke tena.

Kalamu moja iliandika yote mawili. Uombeeni mji huu. Mji huu utazama. Aliyepokea neno la kwanza peke yake huwa mtumishi wa dola, akaiona amani ya ikulu kuwa ndiyo ufalme wa Mungu. Aliyepokea la pili peke yake hufurahia kila msiba wa mji, pamoja na watoto wake wasio na hatia. Danieli alijifunza kuyabeba yote. Katika sura ya 4 anaelewa kwamba ndoto ya Nebukadreza inatangaza anguko la mfalme aliyeichoma Yerusalemu, naye anafadhaika, anatamani ndoto hiyo ingekuwa ya adui za mfalme. Halafu anamwambia ukweli usoni: aache dhambi zake kwa kutenda haki, na awahurumie maskini. Kumtakia mtawala mema kulimpa ujasiri wa kumwonya. Kuutafutia mji amani, kwa maana hiyo, ni kuutaka uwe na haki, na mara nyingine ni kuuambia yale usiyopenda kuyasikia.

Wapo kati ya wasemaji wa Kiswahili wanaozijua habari hizi bila kuhitaji maelezo. Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 walipewa makazi Ulyankulu, Katumba na Mishamo, magharibi mwa Tanzania. Hakuna aliyewateka, nchi iliwapokea. Lakini swali la Yeremia liliwakuta vile vile: tupande miti au tukae na mizigo imefungwa? Walifyeka pori, wakalima, wakajenga makanisa, wakazaa. Mwaka 2014 takribani 162,000 kati yao na uzao wao walipata uraia wa Tanzania. Leo yupo mfanyakazi wa nyumbani kutoka pwani yetu aliye Saudi Arabia, nchi isiyo na kanisa la hadharani, anayesali chumbani baada ya kuosha vyombo vya jioni. Yupo Mwislamu aliye Ulaya, ambaye anamjua Yusufu, mtumishi wa mtawala wa kigeni, katika Kurani kama Mkristo amjuavyo katika Mwanzo, anayetafuta pembe ya kusalia katikati ya zamu. Bwana wao wa kazi anahesabu saa zao, na nchi inawadai sheria zake. Swali lao ni la kale, na heshima yao machoni pa Mungu si ndogo kuliko ya Danieli kwa sababu hakuna mwandishi aliyewaandikia sura.

Koreshi, mfalme wa Waajemi, aliingia Babeli mwaka 539, akawaruhusu mateka kurudi. Wengine walirudi na Zerubabeli, mjukuu wa Yehoyakini, wakajenga hekalu upya. Wengi walibaki, na Mungu hakuwatupa waliobaki. Kizazi baada ya kizazi kilipita kabla Nehemia, mnyweshaji wa Artashasta katika ngome ya Shushani, hajasikia kwamba kuta za Yerusalemu zimebomoka, akalia. Nyumba yake ilikuwa Uajemi, kazi yake ilikuwa kikombe cha mfalme, na mji ule huenda hakuwahi kuuona. Alilia kwa sababu mtu fulani nyumbani kwao, baba au bibi, alikuwa ameendelea kumweleza upande gani wa kuelekea. Kisha akatumia nafasi aliyoipata kwa utumishi mwema kuomba ruhusa, barua na mbao, na ukuta ukasimama kwa siku 52.

Hilo ndilo ninalolishikilia. Hatukuagizwa kuchagua kati ya kuishi tulipo na kumwelekea Mungu wetu. Mwenye kujenga na ajenge kwa mikono safi, alipe anachodaiwa, amtakie mema jirani asiyeshiriki imani yake, amwambie mtawala kweli kwa moyo usio na chuki. Na asikubali, kwa hofu wala kwa raha, saa zake za sala zipangwe na amri ya mfalme. Tena awafundishe watoto kufanya hivyo wakiwa wadogo, siku za kawaida, wakati bado hakuna anayewakataza.